Ahadi ya Maji Niliyokataa Kuifundisha

Ahadi yenyewe ilikuja kwenye karatasi nzito yenye kung'aa, juu yake pamechorwa tone la maji linalocheka. Mwalimu mkuu aliniletea darasani saa ya chai, akaiweka mezani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Madam, wageni wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo," aliniambia. "Wanatuletea tenki. Kazi yako ni ndogo tu. Gredi ya Sita waishike hii kwa kichwa, waiseme pamoja, mkono kwa kifua."

Nikaisoma. Mistari ya mwanzo haikuwa na ubaya: maji ni uhai, maji ni zawadi, maji ni ya kila kiumbe. Mstari wa mwisho ulisema hivi: Sisi watoto wa Kibera tunaahidi kwamba hatutaharibu maji tena.

Nikarudia kuusoma, nikidhani labda macho yangu yamechoka.

"Hili neno 'tena' limetoka wapi?" nikamuuliza.

"Tena gani?"

"Hii hapa mwisho. Hatutaharibu maji tena. Maana yake tumekuwa tukiyaharibu."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye mambo mengi. "Ni neno moja tu, madam."

"Kama ni moja tu, tuliondoe."

"Imetoka kwao ikiwa hivyo."

"Basi mimi siwezi kuifundisha ikiwa hivyo."

Si mtu mbaya yule. Ndiye aliyeianzisha ile shule kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, na kila bati lililo juu ya vichwa vyetu alilitafuta yeye. "Kwa hivyo umekataa tenki," akasema.

"Sijakataa tenki. Nimekataa 'tena'."

Aliichukua karatasi yake akaenda. Nilijua mambo hayajaisha.

Shule yetu iko upande wa Soweto East, humo humo Kibera, imebanwa kati ya kanisa na karakana ya seremala. Ukisimama mlangoni pa darasa langu unaona magorofa ya Nyayo Highrise ng'ambo, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Maji tunanunua. Mama anayetupikia hupeleka mitungi kwenye kibanda cha maji kabla jua halijachomoza, na siku ambazo paipu zimekauka yeye hurudi na mitungi mitupu, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko baridi. Siku hizo watoto hawali githeri yao ya mahindi na maharagwe. Siku hizo pia tunafunga vyoo kwa kufuli, na wasichana wakubwa wanaanza kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani mmoja mmoja, na baadhi yao hawarudi mpaka maji yarudi. Kwa hivyo asije mtu akaniambia sikujua thamani ya tenki. Nilikuwa naiona kila nikifumba macho.

Lakini mimi mwenyewe ni mtu wa mtungi. Naishi Kawangware, kwenye ploti yenye mfereji mmoja uani, na mfereji huo una kufuli ambayo ufunguo wake anao mwenye ploti. Akifungua, tunajipanga. Asipofungua, tunamfuata mwenye mkokoteni na kulipa bei anayotaka siku hiyo. Nimeishi hivyo tangu nilipokuja Nairobi nikitafuta kazi, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona mpangaji hata mmoja akimwaga maji safi chini. Nimeona watu wakigombana. Nimeona mtu akitukanwa kwa sababu ya beseni lililojaa kupita kiasi. Lakini kumwaga, hapana.

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Vihiga, alikaa mlangoni asubuhi nzima akinitazama nikifua. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe nikayafulia nguo za rangi. Ya nguo za rangi nikapigia sakafu deki. Yaliyobaki, meusi kama chai ya turungi, nikayapeleka chooni. Mama, ambaye amezaliwa karibu na chemchemi na hajawahi kununua maji maishani mwake, alitikisa kichwa.

"Maji ya huku yanafanya kazi kuliko punda," akasema.

Ndiyo maana lile neno 'tena' lilinikaa kooni. Kila asubuhi huenda kazini kwa miguu, navuka barabara ya Ngong, napita soko la Toi watu wakifungua marobota ya mitumba, halafu nateremka Kibera. Wiki ile nilitembea njia yote nikibishana na karatasi. Nani alituona tukiharibu? Lini? Alikuwa amesimama wapi?

Somo la matumizi ya maji nyumbani liko kwenye mtaala, na ilikuwa zamu yake. Kitabu kina picha ya mvulana mwenye pajama za mistari akipiga mswaki mbele ya sinki. Chini yake pameandikwa: Funga mfereji unapopiga mswaki. Kuna picha nyingine ya baba akiosha gari kwa ndoo badala ya paipu. Nilipofika hapo, msichana mmoja akainua mkono. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, anaishi na shangazi yake karibu na reli, na ana sauti inayosikika mpaka kwa seremala.

"Ticha, sisi kwetu hakuna mfereji ya kufunga. Sasa tufunge nini?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilifunga kitabu nikaketi juu ya meza, jambo ambalo huwa sifanyi.

"Wekeni kalamu chini," nikawaambia. "Kila mtu anieleze maji ya kwao. Yakitoka kibandani, yanafanya nini mpaka yanaisha?"

Mwanzoni waliona haya. Mambo ya nyumbani hayasemwi shuleni, hasa yakiwa ya umaskini. Halafu kijana mmoja wa safu ya nyuma akasema mama yake huosha mchele kwenye sufuria, na yale maji ya mchele ndiyo anayowekea maharagwe usiku. Mwingine akasema maji aliyoogeshewa mtoto mdogo ndiyo wanayooshea miguu wote watatu kabla ya kulala, mkubwa akiwa wa mwisho kwa sababu miguu yake ndiyo michafu zaidi. Msichana mmoja, mtoto wa fundi viatu, akasema baba yake akinawa hukinga yale maji kwenye kopo la rangi, kesho yake analowekea ngozi.

Yule mrefu alisubiri wenzake wapungue.

"Ticha, maji ya sabuni ya shangazi hayaendi popote bila ruhusa. Ya kufua anaosha nayo viti. Ya viti ananyunyiza kwa mlango vumbi isiingie kwa mandazi. Nikimwaga hata kikombe ananiuliza kama nimeajiriwa na mto."

Hapo nikacheka na mimi.

Tuliendelea hivyo mpaka kengele ikalia na wakakataa kutoka. Walikuwa wanabishana: nani kwao maji yanazunguka mara nyingi zaidi, na kama ni sawa kuogea maji yaliyooshewa mboga, na kwa nini ya omo hayafai kumwagilia sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia. Niliwafundisha niliyoyajua: kufunika mtungi, kuchemsha, kutotumbukiza mkono wenye kikombe, kuweka dawa na kusubiri. Hayo yalihitajika. Kuna watoto waliokuwa wakiharisha kila mwezi. Lakini sikuwafundisha kuomba msamaha. Sikuwaambia pia habari za ile karatasi.

Mwalimu mkuu alisikia. Akaitisha mkutano wa wazazi wa Gredi ya Sita, akanisimamisha mbele yao.

"Mwalimu wenu hataki watoto wasome ahadi ya wageni," akawaambia. "Mimi nimeshindwa. Ongeeni naye nyinyi."

Kina mama walinitazama. Nilieleza kuhusu lile neno, nikaeleza vizuri kadiri nilivyoweza, na nikaona linawapita. Aliyesimama kunijibu alikuwa mama anayeuza dagaa wa omena pale njia panda, mjane aliyekuja mjini kutoka upande wa ziwa akiwa na wadogo zake, na mtoto wake wa mwisho alikuwa darasani kwangu.

"Madam, mimi sijasoma kama wewe," akasema. "Lakini mtoto wangu anakaa nyumbani kila maji ikipotea. Waseme tu hiyo maneno, watu watupatie tenki, waende. Hiyo yako ni kiburi. Na kiburi haijazi mtungi."

Wengine wakaguna wakikubali. Maneno yale yaliniuma kwa sababu hayakuwa ya upuuzi.

"Mama, nikuulize," nikamwambia. "Mtu akija kwako, akamwambia mtoto wako mbele ya watu aahidi kutoiba tena, utamwachia?"

"Inategemea ameleta nini."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Niliwaambia kwamba sitamzuia mtu yeyote kuwafundisha watoto ile ahadi, ila haitatoka kinywani mwangu. Mwalimu mkuu akampa kazi hiyo mwalimu wa kwaya, kijana mpole asiyependa ugomvi. Jioni nilikuwa nikiwasikia kupitia mabati, sauti zikipanda na kushuka, mpaka kwenye neno lile. Hapo nilikuwa nikichukua mkoba wangu na kuondoka.

Ijumaa wageni walifika wamevaa fulana za bluu. Hema lilikuwa limepigwa uwanjani, yaani kwenye ule uwazi mdogo ulio mbele ya ofisi, na kila mgeni akawekewa chupa ya maji mbele yake. Kiongozi wao alikuwa mzee wa makamo mwenye sauti laini. Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa, halafu akatufundisha kwamba kuacha mfereji wazi wakati wa kunyoa ndevu ni hasara kubwa. Watoto walimsikiliza kwa adabu. Msichana mmoja kati ya wageni alikuwa anapiga picha za video kwa simu.

Kisha Gredi ya Sita wakaitwa. Wakajipanga, mikono vifuani. Mimi nilisimama nyuma ya hema karibu na mama mpishi, nimekunja mikono. Wakasema maji ni uhai. Wakasema maji ni zawadi. Walikuwa wamefundishwa vizuri, hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa. Mwalimu wa kwaya alikuwa anawaongoza kwa kidole. Wakafika mwisho.

"Sisi watoto wa Kibera tunaahidi kwamba hatutaharibu maji," wakasema, wakavuta pumzi pamoja, "vile hatujawahi kuyaharibu."

Kidole cha mwalimu wa kwaya kikabaki hewani.

Wageni wakapiga makofi. Nadhani wengi wao hawakusikia tofauti yoyote. Lakini yule kiongozi alikuwa na ile karatasi mkononi, akaitazama, akawatazama watoto.

"Vizuri sana," akasema. "Ila mmebadilisha kidogo. Nani amewafundisha hivyo?"

Mwalimu mkuu alinigeukia, na uso wake ulikuwa umesinyaa. Mimi sikuwa nimewafundisha, na sikujua walipanga lini. Lakini nilikuwa mwalimu wao wa darasa, na mtoto haachwi peke yake mbele ya swali kama lile. Nikatoka nyuma ya hema.

"Ni mimi," nikasema.

"Si ticha," akasema yule msichana mrefu, bila kusubiri aulizwe. "Ni sisi. Tumeongea tukiwa tumepanga laini ya maji."

Kiongozi akatabasamu, tabasamu la mtu anayetafuta njia ya kutokea. "Na kwa nini mkabadilisha?"

Basi akamweleza. Alimweleza maji ya shangazi yake hatua kwa hatua, kutoka kibandani mpaka mlangoni kwenye vumbi, kwa sauti ile ile inayofika kwa seremala. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Yule wa video alishusha simu yake akaanza kusikiliza kwa masikio.

"Hiyo ni nzuri sana," akasema kiongozi alipomaliza. "Lakini mjue kuhifadhi maji ni jukumu la kila mtu."

Hapo sikuweza kunyamaza. "Ni kweli, mzee," nikasema. "Na wale wenye mifereji ndani ya nyumba wameahidi nini?"

"Samahani?"

"Shule zingine mlizotembelea. Zile za huko kwenye bustani za nyasi na mabwawa ya kuogelea. Watoto wao walisema ahadi gani?"

Akafikiri. "Hii programu ni ya mitaa kama hii," akajibu.

"Kwa nini?"

Akasema hilo ni swali zuri. Kisha akampa kipaza sauti msemaji aliyefuata.

Wageni waliondoka bila kusema tenki litakuja lini. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ungenyamaza tu hapo mwisho," akasema. "Watoto ningewaombea msamaha. Watoto ni watoto. Lakini wewe?"

"Mwalimu, nimesema uongo wapi?"

"Sijasema umesema uongo."

Muhula uliofuata nilihamishwa, nikapelekwa Gredi ya Kwanza. Ilikuwa adhabu na kila mtu alijua, hata wale watoto wadogo walioniuliza nimefanya nini. Wazazi wengine waliacha kunisalimia njiani. Mama wa omena alinisalimia, lakini kwa namna ambayo heri angenyamaza. Paipu zilikauka mara mbili katika kipindi kile, na kila zilipokauka nilijua watu wanafikiri nini wakiniona. Nilivumilia. Sikumwomba mtu radhi, kwa sababu nilijiuliza kila usiku kama nina kosa, na kila usiku nikakuta nina huzuni tu.

Kisha, siku moja wakati watoto wanakula, lori likasimama kwenye barabara ya juu, na vijana wakashuka wakiviringisha tenki jeusi kwenye vichochoro, watu wakisogeza vibanda vyao ili lipite. Yule msichana wa video alikuwa mbele yao. Hakukuwa na hema wala fulana. Alinitafuta mpaka Gredi ya Kwanza.

"Madam, ni dogo kuliko lile tulilowaahidi," akaniambia. "Tulibishana sana ofisini. Hili ndilo tulilopata."

"Karatasi je?"

"Ile ahadi tumeiondoa." Akasita. "Hata hiyo tumebishania."

Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia mengi lakini watoto walikuwa wameshaanza kulipiga tenki kama ngoma.

Tenki peke yake, hata hivyo, ni pipa. Hakuna paipu iliyofika kulijaza, na paa letu halikuwa na gata hata moja la kukingia mvua. Lilikaa pale tupu kiangazi kizima. Nikaenda kwa mwalimu mkuu na kumwambia kwamba hatutangoja mtu mwingine atuletee gata, tutaweka wenyewe. Akasema fanya unavyotaka, huwa unafanya tu. Nilikuwa nawaza nianzie wapi nilipomwona mama wa omena akija shuleni na mdogo wake, fundi wa mabati anayetengeneza masanduku na majiko, amebeba mabaki ya mabati begani.

"Usidhani nimekubaliana na wewe," akaniambia kabla sijafungua kinywa. "Bado naona ulikuwa na kiburi."

"Ni sawa, mama."

"Ngazi iko wapi?"

Wazazi walikuja Jumamosi, mmoja na misumari, mwingine na waya. Seremala jirani akatoa mbao. Gredi ya Sita walikuja pia, na yule mrefu akawa anawaamuru watu wazima namna ya kuinamisha gata ili maji yasisimame yakazaa mbu. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, tukiwa katikati ya somo. Yale maji ya mwanzo, mekundu kwa kutu na vumbi, tuliyaachilia yapite, ila hata hayo mama mpishi aliyakingia ndoo za chooni. Baadaye yakaanza kutoka meupe, yakaingia tenkini kwa kishindo. Mvua haikukoma. Tenki dogo likajaa upesi, likaanza kufurika, na kabla sijasema lolote kina mama walikuwa wanatoka kwenye vichochoro mbio wakiwa na mitungi, mabeseni, sufuria za harusi, hata beseni la mtoto kuogea. Waliunda laini bila kuambiwa. Watoto wangu wadogo wakawa wanapokezana makopo, wamelowa chapachapa.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini amevaa koti lake la suti. Alisimama mlangoni kidogo, akarudi ndani, akatoka tena na jagi la ofisi la kunawia wageni. Akaja akasimama karibu yangu kwenye laini. Nikalipokea jagi lake, nikalikingia maji, nikamrudishia.

"Hiyo imejaa, mwalimu," nikamwambia. "Leta ingine."

Sijarudishwa Gredi ya Sita mpaka leo. Sijaomba.